Herufi L Kwenye Karatasi ya Mdogo Wangu

"Njoo uangalie mwenyewe, binti yangu," mzee wa maabara aliniambia, akainuka kunipisha kwenye kigoda chake.

Nikainama kwenye hadubini. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Akaniambia nisikaze jicho, wala nisifumbe lile jingine. Ghafla pakafunguka duara la mwanga, na ndani yake ilikuwa damu ya mdogo wangu: visahani vya rangi ya waridi visivyo na idadi, vimetawanyika kama shanga zilizomwagika mkekani. Katikati ya visahani hivyo, kwa mbalimbali, palikuwa na kitu kikubwa zaidi, kiini chake cha zambarau kimegawanyika vipande vitatu vilivyoshikana kwa uzi mwembamba.

"Huyo ndiye anayewasumbua," akasema. "Neutrofili, seli nyeupe ya ulinzi. Sogeza kioo polepole, utamwona mwenzake."

Nilimwona akiiandaa ile damu. Tone moja, si kubwa kuliko punje ya mtama, kwenye ncha ya kipande cha kioo. Akachukua kioo cha pili, akakiinamisha, akagusa tone, akasukuma mara moja tu kwa mkono usiotetemeka. Damu ikatandazika kwa umbo la ulimi, nzito mwanzoni, nyepesi mwishoni. Akaipunga mpaka ikauka, akaimwagia rangi, akangoja, akaisuuza. Kisha akaketi kuhesabu seli nyeupe mia moja, jicho likiwa kwenye lenzi na vidole kwenye kihesabio chenye vitufe, kila aina na kitufe chake. Tik. Tik tik. Tik. Alipofika mia, kengele ndogo ikalia.

Akaandika namba zake kwa kalamu, akavua miwani.

"Seli zake ni nzima. Zimekomaa, sura zake nzuri. Ni chache kuliko mashine inavyotaka, hilo kweli. Lakini mimi nimehesabu damu za watu wa hapa miaka thelathini na moja. Huyu ni wa kawaida. Kawaida ya hapa kwetu."

Wiki sita zimepita. Maneno hayo hayajanitoka.

## Mara tatu

Mdogo wangu ni fundi umeme. Mwanzoni mwa mwaka alipata kazi Muscat, mkataba wa miaka miwili, na kilichobaki kilikuwa cheti cha afya. Akaenda kupima. Majibu yalirudi na herufi moja pembeni ya mstari wa neutrofili: L. Chini ya kiwango. Alikuwa na 1.2, na karatasi ilisema kawaida inaanzia 2.0.

Akarudia. L.

Akaenda kwingine, kituo tofauti, mashine tofauti. L.

Kila alikokwenda walianza upya. Alipimwa virusi vya UKIMWI mara tatu, na mara zote tatu alikuwa salama, na mara zote tatu muuguzi alimtazama kama mtu anayeficha jambo. Akaulizwa kama anatumia dawa za kienyeji. Akaulizwa kama kwenye ukoo kuna saratani ya damu. Mama alisikia neno hilo moja, saratani, akaacha kula. Daktari wa mwisho alisema, kwa upole wote, kwamba hatua inayofuata ni kumchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga na kuvuta uboho ili utazamwe.

Huyu ni kijana anayebeba roli za waya begani ghorofa nne bila kutua. Tangu utoto hajawahi kulazwa.

Jirani yetu ndiye aliyetuelekeza kwa mzee yule. Daktari alipoona maandishi yake alitulia, akasoma, akapiga simu kwa mwenzake, akafuta habari ya sindano ya mfupa. Nafasi ya Muscat ilikuwa imeshakwenda kwa mtu mwingine.

Nilishukuru Mungu, sana. Lakini usiku nilikaa na ile karatasi nikijiuliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria katika miaka yote niliyopokea majibu ya maabara: hiyo 2.0 aliisema nani?

## Walikuwa watu 120

Jibu linapatikana kwa urahisi ukilitafuta. Ili kupata kiwango cha kawaida unakusanya watu wenye afya, mwongozo unaofuatwa unasema wasipungue 120, unawapima, unawapanga kutoka wa chini hadi wa juu, unakata wachache wa kila mwisho. Asilimia 95 waliobaki katikati ndiyo kawaida. Hakuna uchawi ndani yake. Kawaida ni watu.

Na watu hao, kwa viwango vilivyokuja na mashine zetu nyingi, walikuwa wa Ulaya na Marekani.

Hili si jipya kwa wataalamu wa kwetu. Mwaka 2008 zilitoka tafiti mbili, moja ya Kericho na nyingine ya Mbeya, zilizopima watu wazima wenye afya na kuandika viwango vya hapo hapo walipo. Mwaka uliofuata ukatoka mwingine uliohusisha zaidi ya watu 2,000 wa Rwanda, Uganda, Kenya na Zambia. Kilichowasukuma ni majaribio ya chanjo ya UKIMWI: ukitumia viwango vya Marekani, watu wenye afya kabisa, wakulima na walimu, wanaonekana wana kasoro na wanaachwa nje. Neutrofili zilikuwa miongoni mwa zilizosoma chini.

Sababu yake inajulikana, na ni hadithi nzuri kuliko nilivyotarajia. Kwenye seli nyekundu za watu wengi duniani kuna protini inayoitwa Duffy, jina la mgonjwa ambaye damu yake ilisaidia kuigundua mwaka 1950. Waafrika wengi kusini mwa Sahara hatuna protini hiyo kwenye seli nyekundu. Mwaka 1976 ilionyeshwa kwamba huo ndio mlango ambao aina mojawapo ya malaria, ile ya vivaksi, huutumia kuingia. Babu zetu waliufunga mlango. Mabadiliko hayo hayo ya jeni ndiyo yanayofanya neutrofili ziwe chache ndani ya mishipa, na watu wenye nayo hawaugui zaidi ya wengine. Yamesambaa pia katika Rasi ya Uarabuni. Huko Oman alikokuwa anakwenda wapo wengi wenye namba kama zake.

Kwa hiyo karatasi iliandika kama upungufu jambo ambalo ni kumbukumbu ya vita vya zamani ambavyo damu yetu ilishinda.

Madaktari wana jina lake, linalosema kuwa ni upungufu usio na madhara wa watu wa kabila fulani, na siku hizi wengi wao wanaliacha. Nafurahi. Kitu walichonacho karibu watu wote wa nchi hakiwezi kuitwa upungufu katika nchi hiyo.

## Ramani

Katika kusoma habari za Duffy ndipo nilipokutana na kazi iliyoninyima usingizi kwa namna nyingine.

Oktoba 2016 wanasayansi walikutana London kuanzisha mradi unaoitwa Human Cell Atlas. Nami hapa nitauita Ramani. Waliotangulia mbele ni wanawake wawili: Aviv Regev, wakati huo akiwa Taasisi ya Broad kule Marekani, na Sarah Teichmann, naye wakati huo akiwa Taasisi ya Sanger, Uingereza. Wanachotaka ni kuijua kila aina ya seli iliyomo mwilini mwa binadamu, inakaa wapi, inafanya kazi gani, inapokezana habari na jirani yupi. Kufikia Novemba 2024, walipotoa kwa mpigo makala zaidi ya 40, walikuwa zaidi ya wanachama 3,600 katika nchi zaidi ya 100, na seli zilizosomwa zilifika milioni 100 kutoka kwa watu zaidi ya 10,000.

Vitabu vya shule vilitutajia aina 200 hivi za seli. Mwaka 2023 timu zilizoshughulikia ubongo peke yake zilitoa orodha ya zaidi ya aina 3,000.

Ilibidi nielewe wanavyofanya, maana mzee wa maabara na kihesabio chake hawezi kufika huko. Jicho linaona sura, na seli mbili za sura moja zinaweza kuwa na kazi mbili zisizohusiana. Jeni zilizomo ni zilezile karibu katika kila seli. Ni kama mafundi wa gereji moja waliopewa masanduku ya spana yanayofanana: ukitaka kujua nani wa breki na nani wa injini, usifungue sanduku, tazama spana zipi zina grisi leo. Jeni inayotumika huacha nakala zake ndani ya seli, nakala za RNA. Hizo ndizo grisi.

Zamani walisaga kipande cha nyama chenye mamilioni ya seli na kupima nakala zote kwa pamoja. Ni sawa na kuonja mchuzi na kutaka kujua kila nyanya ilitoka shamba lipi. Mwaka 2009, Cambridge, Tang Fuchou na wenzake kwenye maabara ya Azim Surani walifaulu kusoma nakala za seli moja tu, seli ya kiinitete cha panya.

Surani alizaliwa Kisumu mwaka 1945.

Nilisoma mstari huo mara mbili, nikainuka, nikaenda kusimama dirishani. Sijui kwa nini ulinigusa kiasi hicho. Labda kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuiona kazi yote hii kama jambo la watu wa mbali wanaochora sisi tukiwa hatupo, kumbe mkono mmoja kati ya iliyofungua njia ulishika maji ya ziwa letu.

Kisha mwaka 2015 maabara mbili za Harvard zilionyesha namna ya kusoma maelfu kwa siku moja. Seli zinapitishwa kwenye mfereji mwembamba kama unywele, kila moja inafungiwa ndani ya tone la maji lililozungukwa na mafuta, pamoja na chembe iliyobeba namba yake ya siri. Seli inapasuliwa humo ndani, nakala zake zinashikamana na ile namba. Baada ya hapo unaweza kumwaga matone yote pamoja bila kuchanganya kipi ni cha seli ipi. Aliyewahi kupanda basi la mkoani anaujua utaratibu huu: begi linabandikwa namba, mizigo yote inarundikwa buti moja, na mkifika Singida usiku wa manane kila begi linampata mwenyewe.

## Moja katika mia

Nikupe mfano mmoja tu wa kwa nini kazi hii ina thamani, kwa sababu nataka uelewe kwamba siandiki kuipinga.

Kuna ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mapafu uwe mzito kama gundi. Watoto wanaozaliwa nao hupigania pumzi. Jeni yake, CFTR, ilipatikana mwaka 1989, na kwa karibu miaka 30 baada ya hapo kazi kubwa iliwekwa kwenye seli zilizo nyingi katika njia ya hewa, hasa zile zenye vinyweleo vinavyofagia. Ni busara. Ukitafuta mwizi sokoni unaanza na palipojaa watu.

Mwaka 2018 timu mbili, kila moja kwa njia yake, zilisoma seli za njia ya hewa mojamoja, za panya na za binadamu. Katikati ya aina zilizojulikana kikajitokeza kikundi kidogo ambacho hakuna aliyekuwa amekiandika. Kama seli moja katika kila mia. Na ndani ya seli hizo chache ndimo ilimokuwa sehemu kubwa ajabu ya nakala za CFTR.

Waliziita ionosaiti, kwa sababu zilifanana na seli zilizojulikana zamani kwenye ngozi ya chura na mashavu ya samaki, zile zinazosawazisha chumvi. Fikiria. Kitu kinachomwezesha samaki kuishi majini kipo kifuani mwako, kimejificha, na miaka yote ile madaktari bingwa walipita juu yake.

Wengine walirudi baadaye na kuonyesha kwamba kwa binadamu seli za kutoa majimaji nazo zina sehemu kubwa katika jambo hili, kwa hiyo mjadala haukuisha. Hilo nalo lilinipendeza. Ramani nzuri inakubali kufutwa na kuchorwa tena.

Lakini angalia kilichotokea. Seli ilikuwepo siku zote. Haikuonekana kwa sababu ilikuwa chache, na waliokuwa wakitazama walikuwa na picha tayari ya kitu wanachokitarajia.

Hapo nikarudi kwa mdogo wangu.

## Mapafu ya nani?

Swali lilikaa hivi: kama kipimo cha zamani, kile chenye L, kilitokana na miili ya wengine, ramani mpya inatokana na miili ya nani?

Mapafu ni mojawapo ya viungo vilivyochorwa vizuri zaidi. Mwaka 2023 ilitoka ramani yake iliyounganisha seli milioni 2.4 kutoka kwa watu 486. Ni kazi kubwa na imewekwa wazi, yeyote mwenye intaneti anaweza kuisoma. Waliochangia wengi wao ni wenye asili ya Ulaya. Waandishi wenyewe walilisema hilo bila kuficha.

Unaweza kuuliza, pafu si pafu? Nami niliuliza hivyo. Nilitaka kabisa jibu liwe ndiyo, niende nikalale.

Kisha nikasoma kazi ya Blantyre, Malawi, iliyotoka 2024. Wataalamu wa Malawi na wenzao wa nje walizifuata familia za watu waliofariki kwa UVIKO-19, wakaomba ruhusa, wakachunguza mapafu yao seli kwa seli, wakalinganisha na ramani zilizokuwepo. Seli zilikuwa zilezile kwa majina. Lakini mwili ulikuwa umepigana kwa namna nyingine. Katika tafiti za Ulaya na Marekani, moto uliounguza mapafu uliongozwa zaidi na kundi moja la ishara za kinga, interferoni za aina ya kwanza na ya tatu. Blantyre alama iliyotawala ilikuwa interferoni nyingine, ya gama.

Pengine ni jeni. Pengine ni maisha, malaria na kifua kikuu na minyoo ambayo kinga imepambana nayo tangu utoto. Vyovyote iwavyo, dawa ya kutuliza moto huchaguliwa kwa kujua moto umewashwa na nini. Kama Blantyre wasingetazama, mgonjwa wa Malawi angetibiwa kwa ramani ya Boston, na daktari wake angejilaumu kwa nini dawa haifanyi kazi.

Nilipofika hapo nilikuwa nimeshaamua. Tuingie. Tutoe damu, tutoe sampuli, tujazane kwenye ramani hiyo mpaka tuonekane.

Uamuzi huo ulidumu siku mbili.

## Wazimamoto

Bibi yangu wa Pangani alitulea kwa hadithi za mumiani. Watu wanaozurura usiku kutafuta damu. Yeye aliwaita pia wazimamoto, kama walivyoitwa na wengi wa rika lake, na alisimulia gari lisilo na taa likipita barabara ya minazi, na mtu wa kijiji cha pili aliyeonekana asubuhi amelegea hajui alikotoka. Tulipokua tuliyaacha hayo na vitanda vya kamba. Nilipokuwa chuoni nilisikia mhadhiri akiyataja kama mfano wa hofu za watu wasiosoma.

Sikubaliani naye tena. Bibi yangu hakuwa mjinga. Aliishi chini ya serikali ya kikoloni iliyokuja na sindano bila maelezo, ikachukua bila kuomba, na haikurudi kumwambia mtu ilichokuta. Hadithi ya mumiani ilikuwa njia yake ya kueleza jambo la kweli: kuna watu wanaitaka damu yako kuliko wanavyokutaka wewe.

Na mambo hayo hayakuishia kwa bibi. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini kilidai kurudishiwa sampuli za DNA zilizotolewa na Waafrika, kikisema zilitumika kuandaa kifaa cha biashara nje ya makubaliano. Kilidai kutoka kwa nani? Taasisi ya Sanger, ileile iliyo katika kiini cha Ramani. Sanger ilikana kutenda kosa. Mimi si hakimu, wala sina njia ya kuupima ukweli wa kila upande. Lakini nilipoisoma habari hiyo nilisikia sauti ya bibi wazi kabisa, na ile barabara ya minazi.

Usiku huo nilifuta aya tatu za makala haya zilizokuwa zinawahimiza mwende mkachangie.

Nilichobaki nacho ni hofu mbili zinazovutana mashati. Tukikaa nje, wajukuu wetu wataletewa mashine zitakazowaandikia L kwenye kila kiungo, si kwenye damu tu. Tukiingia kwa mikono mitupu, tutakuwa namba kwenye hazina ambayo wenye kompyuta kubwa watachimba kwa kasi yao, na data ikiwa wazi kwa wote, wote ni wale wenye uwezo wa kuipakua.

Kati ya hizo mbili, ile ya kwanza inaniogopesha zaidi. Nasema hivyo kwa sababu nimeiona ikimla mama yangu mwezi mzima. Lakini namna ya kuingia ndiyo jambo lenyewe. Blantyre inanipa moyo: familia ziliombwa ruhusa, na wataalamu wa Malawi wenyewe walikuwa ndani ya kazi. Hivyo ndivyo ninavyotaka ifanyike Muhimbili, Kilifi, Mwanza, Bukavu. Mashine iwe hapa, na mtu wa kuisoma awe wa hapa, na fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili ambacho mama yangu anaweza kukisoma mwenyewe bila kijana wa kumfafanulia. Mzee wa maabara anastaafu mwakani. Nilimwuliza nani anamrithi kigoda. Akasema kijana wa mashine yupo, ni mwerevu, lakini siku hizi hakuna anayefundishwa kuhesabu kwa jicho.

## Alichouliza Mama

Jumapili iliyopita mdogo wangu alikuja nyumbani. Amepata kazi ya kufunga umeme kwenye nyumba za wapangaji Kibaha, si Muscat, lakini inaingiza. Baada ya chakula nilimweleza habari yote hii, matone na namba za siri na samaki. Alicheka kuhusu mashavu ya samaki. Nikamwuliza: wakija watu wa Ramani wakaomba damu yako, utatoa?

Alifikiri, kisha akanyoosha mkono mezani, kiganja juu, pale kwenye kunjo la kiwiko wanapochoma.

"Dada, nimeshatoa mara tatu kuthibitisha kwamba siumwi. Hiyo ya nne angalau ingekuwa na maana. Nitatoa, ili wajue mtu mzima anafananaje huku."

Mama alikuwa kimya muda wote, anachambua mchele wa kesho kwenye ungo. Nilidhani hasikilizi.

"Wakishaona," akasema, "watarudi kutuambia walichoona?"

Nikamwambia nitauliza. Nimeshaandika barua mbili.

Akatikisa ungo, akapuliza makapi. Kisha akaniomba ile karatasi yenye L na maandishi ya mzee, akaikunja mara mbili, akaenda kuiweka kwenye bahasha ya vyeti vyetu vya kuzaliwa.